Namba Moja ya Filumena

Kijijini kwetu Ħal Ġebla mtu huzaliwa, hubatizwa, kisha huandikwa chama, na kuna nyumba ambazo chama hutangulia ubatizo. Kanisa liko katikati ya uwanja. Kushoto kwake ni klabu ya Nanga, kulia ni klabu ya Mnara, na Jumapili watu wakitoka misa hugawanyika pale mlangoni kama mchele na chuya, ila kila upande unaamini chuya ni wale wengine. Mimi, Kalċidon Zerafa, ni wa kushoto. Baba yangu alikuwa wa kushoto, na siku tuliyomzika bendera ya Nanga ilikaa juu ya jeneza mpaka padri alipokohoa mara ya tatu.

Vyama vingine vipo, sikatai. Kila uchaguzi huzuka kimoja, hupata kura za kujaza basi moja na nusu, kisha hupotea. Katika uchaguzi ninaousimulia kiliitwa Kisima. Hakikuwa na klabu wala bendi, hata bendera zake zilishonwa nyumbani. Mgombea wake upande wetu alikuwa Mwalimu Ġovanna wa shule ya msingi, mwanamke mwembamba aliyezunguka kwa baiskeli akigawa vikaratasi. Tulimcheka sisi wa Nanga, wakamcheka wale wa Mnara, na kusema kweli hakuna jambo lingine tulilolifanya pamoja mwaka ule.

Sasa niseme kazi yangu, maana aibu yenyewe imo humo. Siku ya kura kila chama kikubwa huweka mtu wake ndani ya chumba. Nanga waliniweka mimi, Mnara wakamweka Nażju kinyozi, na kabla ya uchaguzi huo tulikuwa tumeshakaa meza moja chaguzi sita, karibu miaka thelathini. Mpiga kura asiyeona au asiyejua kusoma huletwa kwetu. Wengine hutolewa nje, askari akasimama mlangoni, yule mtu akataja kwa mdomo anayemtaka, mmoja wetu akaandika na mwenzake akiangalia kalamu. Kabla ya kuanza tunaapa mbele ya msalaba kwamba yote tutakayosikia ni siri. Kisha saa ya chai mimi nakwenda klabuni kwetu kuyasema yote, na Nażju anakwenda klabuni kwao kuyasema yote. Msinitolee macho. Askari alijua, padri alijua, na wenye kura zao walijua.

Dada yangu Filumena alikuwa mmoja wa hao wa mezani kwetu. Yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka saba. Mama alikuwa na watoto tisa, akamtoa Filumena shule kabla hajamaliza hata mwaka ili alee wadogo, na mmoja wa wadogo hao nilikuwa mimi. Nilisoma kwa sababu yeye hakusoma. Kila uchaguzi alikuja na gauni la misa, akakaa, na kabla hajakaa vizuri nilikuwa nimeshamaliza kuandika. Sikumuuliza hata mara moja. Ya nini? Mtoto wa baba yetu atampigia nani mwingine?

Matatizo yaliletwa na vumbi. Nyuma ya nyumba ya Filumena kuna machimbo ya mawe, na miaka minne kabla ya uchaguzi huu mwenye machimbo aliruhusiwa kuyasogeza hadi kwenye ukuta wa bustani yake. Ukianika shuka nyeupe asubuhi, jioni unakunja kitu kama gunia la unga. Mjukuu wake Marjanna, mtoto wa mwanawe Wistin, akaanza pumu. Nilimpeleka dada ofisini kwa waziri wetu, tukaambiwa litaangaliwa. Baadaye nilisikia amekwenda kwa watu wa Mnara pia, peke yake, na nikaona haya kama vile kafumaniwa. Nao wakamwambia litaangaliwa. Angeniuliza ningemwambia: mawe yaliyojenga klabu yetu na mawe yaliyojenga klabu yao yalitoka shimo hilohilo, bure, na yaliletwa na lori hilohilo.

Pumu ikamweka mtoto nyumbani majira yote ya baridi. Ndipo Mwalimu Ġovanna akaanza kupita na baiskeli yake jioni kumletea masomo, na ndipo maneno yakaanza klabuni. Salvu, katibu wetu, ambaye pia ni mwuza nyama na huongea na watu kama anavyoongea na mbavu za ng'ombe, aliniita kando.

“Kalċidon, dada yako anafuga mgeni.”

“Ni mwalimu wa mtoto.”

“Ni mgombea wa Kisima. Mkumbushe mkataba wa Wistin unaisha Desemba.”

Wistin alikuwa anafanya kazi bohari la serikali bandarini, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Kazi hiyo nilimtafutia mimi, kwa mdomo wangu, kwa Salvu. Kwetu mtu hahitaji vyeti kama anavyohitaji mlango wa kugonga, na mlango wa Wistin ulikuwa mimi. Kwa hiyo Jumapili ya mwisho kabla ya kura nilibeba pastizzi, zile sambusa zetu za jibini, zikiwa za moto, nikaenda kwa dada.

Alikuwa anafuta meza. “Dada, watu wanasema,” nikaanza.

“Watu wana midomo.”

“Wanasema Ġovanna anashinda hapa.”

“Anamfundisha mtoto. Au ulitaka naye awe mjinga kama mimi?”

“Sijasema hivyo. Ninachosema, Salvu yuko macho. Kura yako moja ikienda kombo, Desemba Wistin hana kazi, na mimi sitakuwa na mdomo wa kumtetea. Mtoto mgonjwa, dawa, kodi ya nyumba. Fikiri.”

Wistin alikuwa amesimama mlangoni na sikumwona. “Mjomba,” akasema, “umekuja kututembelea au kututisha?”

“Vyote viwili. Nakupenda, ndiyo maana.”

Filumena alikunja kile kitambaa. Kilikuwa cheupe kwa vumbi. “Umemaliza?” akaniuliza.

“Nimemaliza.”

“Basi kunywa chai, inapoa.”

Nikanywa, nikala pastizzi tatu nilizozileta mwenyewe, nikaondoka nimeridhika. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi methali hiyo huitumia kwa watu wengine kila wiki.

Jumamosi ya kura alifika saa nne asubuhi. Askari akawatoa watu. Nażju akamvutia kiti.

“Karibu, Bi Filumena! Umependeza leo, utadhani unaolewa.”

“Na wewe kinyozi ungejinyoa kwanza,” akajibu.

Mimi nilikuwa na karatasi mkononi. Kwetu huweki alama tu. Unaandika namba mbele ya majina, moja kwa unayempenda kwanza, mbili kwa anayefuata, na wa kwanza wako akianguka kura yako inahamia kwa wa pili. Nikaandika moja kwa waziri wetu kama kawaida, nikahamia kwenye mbili.

“Kalċi,” akasema dada, “unaandika nini?”

“Kura yako.”

“Nimeshasema?”

Nikanyanyua kichwa. “Si ileile ya siku zote?”

“Ya siku zote ilikuwa yako. Mimi nilikuwa naangalia.”

Masikio yaliniwaka. Nażju alipiga meza kwa furaha. “Karatasi imeharibika! Sheria inasema apewe nyingine!” Akaiandika ile mbovu kwenye daftari kwa mwandiko mzuri ambao sijawahi kuuona kwake, akafunua karatasi mpya, akasogeza kiti karibu. Alidhani samaki kaingia wavuni mwa Mnara. “Sema, mama. Usimwogope mdogo wako. Hapa uko kwa wanao.”

Filumena akaweka mkoba wake mapajani. “Namba moja, Mwalimu Ġovanna. Wa Kisima.”

Tabasamu la Nażju lilichelewa kidogo kuondoka.

“Bi Filumena,” akasema taratibu, “hao hawapati kiti. Hawajawahi. Kura yako inakwenda na maji.”

“Anasema kweli, dada,” nikasema. Nilijisikia nikimuunga mkono Nażju kinyozi, mtu ambaye mwaka wa mafujo kaka yake alimpasua baba yangu kichwa kwa kiti, na ulimi haukuniuma.

“Kura ni yangu. Na iende na maji yangu.”

“Basi sawa,” Nażju akabadili sauti, “namba moja mpe mwalimu wako, moyo utulie. Namba mbili nipe mimi.”

“Au sisi,” nikadakia.

“Namba mbili hakuna.”

“Dada! Fikiria Wistin!”

“Wistin ndiye aliyenileta. Yuko nje kwenye gari. Toka umuulize kama hajui ninachokuja kufanya.”

Sikutoka. Nilimjua Wistin, nilijua angenijibu nini. Alikuwa tayari kuipoteza ile kazi, na mama yake alikuwa tayari, na mtu pekee aliyekuwa anatetemeka kwa ajili ya kazi ya Wistin alikuwa mimi.

Sasa nasema jambo ambalo sikuliungama hata kwa padri. Nażju aliniinamia, na hakupunguza sauti, maana mbele ya mtu asiyejua kusoma tulizoea kuongea kama mbele ya kabati. “Kalċidon,” akasema, “weka moja yako unakotaka. Mbili niwekee mimi. Nani atajua?”

Nikamwangalia. Tukaelewana. Miaka thelathini tulikaa meza moja kila mmoja akimchunga mwenzake asiibe, na dakika ile tukaelewana kama ndugu waliochangia titi. Penseli yangu ikateremka kwenye safu ya Nanga, maana majina hupangwa chama kwa chama. Ncha ikagusa karatasi.

“Hapo ni Xerri,” akasema Filumena. “Xerri, Spiru. Ġovanna yuko chini, mstari wa kumi na moja.”

Nikaacha penseli ianguke. Dada akaivuta karatasi, akaweka kidole kwenye jina la kwanza na kuanza kusoma. Alisoma polepole kama mtoto wa darasa la kwanza, akilitafuna kila jina: Abdilla, Bajada, Cutajar. Alipofika kwa waziri wetu alisoma na jina lake la ubatizo. Alisoma majina yote kumi na manne, wa kwetu na wa Mnara, mpaka wa mwisho, na hakuruka hata mmoja. Nażju alikuwa anamwangalia mdomo kama anayeona ng'ombe akihesabu.

“Tangu lini?” nikamuuliza.

“Tangu Februari. Mtoto anasoma mezani, mimi namenya maharage palepale. Masikio sikuyaacha nje.”

Nażju akapata hasira. Sijui kwa nini yeye ndiye aliyekasirika. “Kama unajua kusoma umekuja kufanya nini mezani kwetu? Kibanda kile pale, kina pazia! Ungeingia, ungeandika unachotaka, ungekwenda zako nyumbani. Tusingejua!”

“Ndiyo sababu sikuingia,” akasema dada. “Nikiandika kule gizani, jioni mtanihesabu wa Nanga kama mlivyozoea. Utamwambia Salvu, Filumena ni wetu. Na ninyi wa Mnara mtasema, yule bibi haponi. Nimegonga milango yenu miwili miaka minne, mkono umeniuma. Nilitaka mnisikie nikisema. Wote wawili, kwa masikio yenu.” Kisha akanisukumia karatasi. “Haya, andika.”

“Si unaweza mwenyewe?”

“Andika wewe. Mkono wako umeniandikia mara sita bila kuniuliza. Leo uandike nilichosema.”

Nikaandika. Moja, mstari wa kumi na moja. Moja yenyewe ikatoka imepinda, akaniambia niinyooshe isije ikasemwa ni saba. Nikainyoosha. Akaikunja karatasi mwenyewe, akaitumbukiza, akalipiga sanduku kofi moja kama anayefunga mlango wa banda la kuku.

Mlangoni akageuka. “Saa ya chai nenda kawaambie kama kawaida yako. Safari hii huibi siri ya mtu. Nakutuma.”

Niliingia klabuni saa tisa na nusu. Salvu alikuwa mezani kwake na daftari la mitaa, kila nyumba na majina yake, na mbele ya kila jina alama: nanga ndogo kwa wetu, msalaba kwa wa Mnara, na alama ya kuuliza kwa wale wanaoyumba, ambao hupelekewa gari, keki na maneno matamu mpaka milango ya kura ifungwe. Nyuma yake watu kama kumi walikuwa wanacheza karata.

“Leta,” akasema. Nikamtajia wa kwanza, yule mzee kipofu wa mtaa wa juu. Akaweka nanga. Nikamtajia wa pili. Kisha akaandika nanga nyingine bila kuninyanyulia macho. “Na Filumena.”

“Futa hiyo.”

“Nini?”

“Hujaniuliza amesema nini, umeshaandika.” Nikasikia karata zimeacha kupigwa. Nilikuwa na hofu, nakiri. Lakini nilikuwa nimetumwa, na katika kutumwa kwangu kote na chama sijawahi kujisikia nimetumwa na mtu mkubwa kiasi kile. “Dada yangu amempigia Ġovanna wa Kisima. Namba moja. Namba mbili hakuna. Na jina la Ġovanna kalisoma mwenyewe.”

Mtu mmoja akacheka, akaona yuko peke yake, akaacha. Salvu akaguna kwa upole wa bandia. “Ni mzee, maskini. Wamemchanganya. Nitamwekea alama ya kuuliza, kesho kutwa tutampitia na keki.”

“Usimwekee alama ya kuuliza. Yeye hakuuliza kitu. Amejibu.”

“Kalċidon.” Sasa alikuwa na ile sauti ya buchani. “Na mkataba wa Wistin? Tuuandike vipi?”

“Uandike hapohapo pembeni ya jina la mama yake, kwa kalamu ya wino. Andika kwamba Wistin kakatwa kazi kwa sababu mama yake kataja jina la mtu kwa mdomo wake. Kisha utie sahihi, tuibandike mlangoni watu waisome wakitoka misa.”

Hakuandika. Kukata, walikata, sitawadanganya. Desemba mkataba wa Wistin ulikwisha na hakuna aliyekubali kwamba anaujua, hata waliokunywa kahawa yangu kwa miaka. Alikaa bure miezi minne, sasa anaendesha gari la mikate. Nanga tulishinda, magari yalipiga honi siku mbili. Ġovanna alipata kura mia mbili na kumi na moja wilaya nzima, akapanda baiskeli yake akarudi darasani. Machimbo bado yapo. Filumena anafuta meza kila asubuhi, na kila asubuhi anasoma gazeti kwa sauti mpaka majirani wamemwomba afunge dirisha, naye hafungi.

Lakini siku ile ilikuwa bado haijaisha, na mimi nilikuwa bado sijapiga kura yangu. Chaguzi zote sita niliipigia palepale mezani mbele ya Nażju, nikaiinua juu aione vizuri, naye akaiinua yake, tukatukanana kidogo, tukazikunja. Safari hii niliporudi kutoka klabuni nilichukua karatasi yangu nikampita.

“Wewe, unakwenda wapi?”

“Kibandani.”

“Kibandani? Wewe? Una nini cha kuficha?”

“Sijui bado. Niache nikaone.”

“Kalċidon, acha mchezo. Kaa hapa tumalize.”

Nikavuta pazia. Ndani kulikuwa na ubao wa kuandikia, penseli imefungwa kwa kamba, na harufu ya chaki. Nikasoma majina yote kumi na manne tangu la kwanza, polepole, na kidole. Nilikaa humo muda mrefu hadi askari akakohoa, na Nażju akauliza kwa sauti kama nimezirai. Nikaandika nilichoandika, nikakunja, nikatoka, nikatumbukiza.

“Umempa nani?” akauliza Nażju. Jioni Salvu akaniuliza. Mke wangu akaniuliza kitandani, hata Filumena akaniuliza huku anacheka, na wewe uliyesoma mpaka hapa unataka kuniuliza. Miaka thelathini nimeuza siri za kijiji kizima kwa glasi ya chai. Hii huipati.